Kisu cha Mama wa Mnavu

Sokoni Majengo, miaka ile maduka ya dawa yalipoanza kujaa makopo ya vitamini kutoka ng'ambo, kila muuza mboga alimkatia mteja majani, isipokuwa mama wa mnavu. Alifunga mafungu kwa kamba ya mgomba, akayanyunyizia maji, akakataa kukata. "Mwili hushika kutu kama jembe," alisema. "Mnavu ndio mafuta yake. Ukiukata kabla ya kuuosha, uzuri wote unaishia mtaroni." Wateja walihamia kwa jirani yake, hakutikisika.

Siku moja nilimng'ang'ania. "Shikamoo mama, nina haraka, nikatie tu."

"Marahaba." Akanipa fungu, na kisu chake juu. "Kaoshe, ndipo ukate. Kesho unirudishie."

Nilipokirudisha, mwanamke mwingine alikuwa akibishana naye akatiwe. Mama alikipokea mkononi mwangu, akamkabidhi yule, hata hakukifuta.