Malenge Mgongoni mwa Shangazi

Mwaka jana nilishuka Malaba asubuhi nikitafuta boma letu, nikakuta malori. Yamepangwa kichwa kwa mkia kutoka barabarani hadi pale kilipokuwa kisima, na madereva wamekaa kwenye kivuli cha magurudumu wakisubiri chai ichemke. Mmoja wao aliniuliza kwa adabu, "Mama, unatafuta klaringi ya mzigo forodhani ama unatafuta mtu?" Nikamwambia natafuta mahali. Akatabasamu, akanisogezea kigoda. Nilikuwa karibu kuondoka upepo ulipoleta harufu kutoka nyuma ya vibanda: harufu ya muhogo uliolazwa ukachacha, ukaanikwa juani. Nikakaa. Rafiki yangu, kuna harufu ambazo hazikukumbushi kitu, zinakubeba tu na kukuweka chini mahali pengine.

Iliniweka uani kwetu, miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Asubuhi za likizo zilianza na muhogo. Tulikaa kwenye mkeka mkuukuu, mimi, dada zangu wawili na watoto wa jirani, rundo la mihogo katikati yetu, na juu ya mawe makubwa kulikuwa na vipande vya jana vimeanza kuwa vyeupe. Gari la moshi la kwenda Tororo lilipita likipiga honi, kuku wakatawanyika, wakarudi. Bibi alisaga wimbi kwenye jiwe, na ile sauti yake ya kwenda na kurudi ilikuwa chini ya kila kitu, hata leo nikifumba macho ndiyo ninayoisikia kwanza.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na visu viwili: kimoja cha kumenyea, kingine cha kuonyeshea. Akifika mahali fisi anapoingia, kisu cha kuonyeshea kilielekea kwenye mlango wa zizi, na sisi sote tukageuka kutazama. Aliishi nasi tangu nianze kukumbuka mambo. Nilidhani kila nyumba ina shangazi wake wa hadithi, kama ilivyo na jiwe lake la kusagia.

Hadithi zake hazikukaa upande mmoja. Fisi alikwenda kuposa, akatumbukia kwenye chungu cha pombe mbele ya wakwe, mirija ya kunywea ikamwingia puani, tukacheka mpaka mate yakatutoka. Kisha, kwa sauti ile ile, shangazi akasema kwamba msichana aliyekuwa akiposwa alikuwa jikoni, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anamtaka fisi. Visu vyetu vilisimama. Tulimwona yule msichana jikoni, na moshi. Halafu fisi akapiga chafya ndani ya chungu, na tukaanza tena, ila mara hii tulicheka huku tukitazama mlango wa jikoni. Bibi alikuwa akisema kutoka kwenye jiwe lake kwamba kicheko na kilio hulala kitanda kimoja, mmoja akigeuka mwenzake huamka.

Lakini hadithi tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mwenye haraka.

Mwanamke huyu alikuwa na mtoto mchanga, na alikuwa na malenge. Malenge alilifunga kwenye shuka ya amerikani apate kumpelekea mama yake kesho. Mtoto naye alikuwa amelala kwenye shuka ya amerikani, maana mwanamke alikuwa amekata kitambaa kimoja vipande viwili. Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne, mchana, kukawa giza, mto ukapanda, watu wakapiga kelele kukimbilia mlimani. Mwanamke akaingia nyumbani, moshi umejaa, akashika furushi, akalifunga mgongoni, akatoka mbio. Njiani alilibembeleza: nyamaza mwanangu, tunafika. Aliwasifia wenzake jinsi mtoto wake alivyo mpole, halii hata kwa radi. Huko juu akakaa chini, akafungua shuka amnyonyeshe. Akatoa ziwa. Akaliweka ziwa kwenye malenge.

Hapo tulianguka. Dada yangu mdogo aliwahi kucheka mpaka akajikata kidole, na akaendelea kucheka huku damu inatoka. Shangazi alilionyesha lile malenge kwa uso wake mwenyewe, mviringo, lisilo na habari, likisubiri kunyonya.

Kisha kila mara mmoja wetu aliuliza, "Na mtoto je?"

Na kila mara shangazi aliweka visu chini, akainuka kwenda kugeuza mihogo juu ya mawe. Akirudi, alianza hadithi nyingine. Tukabaki kumtungia yule mtoto mwisho wetu. Dada yangu mkubwa alimpandisha juu ya mti. Mtoto wa jirani alisema alimezwa na kambare, akaishi ndani ya kambare mpaka sasa. Mimi sikusema kitu, kwa sababu usiku nilimwota akielea kwenye shuka yake nyeupe, amelala, na mto unambeba taratibu kama unaogopa kumwamsha.

Siku ya kufunga shule mwalimu alitaka mtoto atakayesimulia hadithi mbele ya wazazi. Nikainua mkono. Nikaisimulia ya malenge, na sikuacha kitu: mvua, furushi, ziwa. Nilikuwa nimechukua rula ya mwalimu iwe kisu changu cha kuonyeshea. Wazazi walicheka. Mwalimu, mtu ambaye hatukuwahi kuyaona meno yake, aliondoa miwani akajifuta macho. Nilijiona nimekua kwa siku moja.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mfinyanzi kutoka ng'ambo ya mto, mama wa makamo aliyeleta vyungu sokoni kwetu na ambaye mjukuu wake alisoma nasi. Alinisubiri nje, akaniuliza mimi ni wa boma gani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa polepole. "Hiyo si hadithi, mwanangu," alisema. "Huyo ni mtu. Nilikuwa naye mlimani siku hiyo."

Nilirudi nyumbani nikipitia shambani nisikutane na mtu. Shangazi alikuwa peke yake anaanua mihogo. Nilimwambia yote, na kwamba sikujua ni yeye. Hakukasirika. Aliuliza walicheka wapi. Nikasema kwenye ziwa. Akauliza kama mwalimu naye alicheka. Nikasema aliondoa miwani. Akasema, "Basi umeisimulia vizuri," kisha akakaa chini pale pale kwenye majani, kapu mapajani, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona imetulia, ikatulia.

Bibi ndiye aliyenimalizia. Mtoto hakufa. Babu yake, baba mkwe wa shangazi, mzee mwenye mguu mbovu, alionekana maji yalipopungua akiwa amekaa juu ya paa la ghala na mtoto kifuani. Ng'ambo nzima ilimsifu mzee. Naye shangazi akatungiwa wimbo wa malenge. Waliuimba kwenye pombe, watoto wakauimba kisimani, mume wake akausikia kila alikokwenda. Mwishowe akasema kwamba mwanamke asiyejua mtoto na mboga hawezi kulea, akamrudisha kwao. Mtoto, wa kike, alibaki. Baba yangu aliapa kwamba hakuna mtu wake atakayekanyaga boma lile tena. Na shangazi, aliporudi, alituhadithia sisi mwenyewe kabla hatujasikia kwa wengine. Alitaka tukicheka, tucheke kwake.

Wiki iliyofuata mfinyanzi alikuja nyumbani bila vyungu. Alikuja na habari kwamba yule mtoto yupo, anakwenda shule, meno yake ya mbele yameng'oka na mapya yanaota, na kwamba anauliza. Mzee amekubali waje. Shangazi alimtazama baba. Baba aliinuka. Alitoa baiskeli yake ukutani, akaanza kujaza upepo magurudumu, na sote tukajua kwamba hiyo ndiyo ruhusa.

Tulivuka daraja siku ya soko, shangazi kwenye kiti cha nyuma ya baiskeli, baba akiisukuma, mimi na mfinyanzi tukifuata kwa miguu. Wakati huo kuvuka mpaka hakukuwa kazi. Askari wa kizuizi aliuliza kuna nini kapuni, shangazi akasema kumbikumbi wa kukaanga, askari akachota konzi moja akatutakia safari njema. Mto ulikuwa chini kabisa, mawe yako nje, wanawake wanafua. Shangazi hakuutazama.

Nalikumbuka boma lile kana kwamba niliota. Ua uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Mzee kwenye kiti cha ngozi, mguu mmoja umenyooka mbele yake. Ghala lile lile nyuma yake. Mume hakuwapo, alikuwa na kazi ya reli mbali. Tuliletewa maji, tukaulizwa habari za kwetu, mvua, mifugo, na baba alijibu yote kwa neno moja moja. Kisha mtoto akatoka jikoni. Alikuwa na paji la uso la shangazi. Alisimama mbele yake, akamwangalia kuanzia miguuni.

"Huyu ndiye wa malenge?" akamuuliza babu yake.

Shangazi akasema, "Ndiye mimi."

Mtoto akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtoto aliyeimbiwa jambo miaka yote na sasa analiona limekaa kwenye kigoda, limevaa gauni la bluu. Na shangazi, Mungu anajua alikitoa wapi, akacheka naye. Nikaanza kucheka na mimi. Kisha mtoto akanyamaza ghafla, vilevile shangazi alivyozoea kutunyamazisha, akauliza, "Mbona hukurudi kunichukua?"

Shangazi alifungua mdomo. Yeye aliyekuwa na neno la fisi, la chungu, la radi, hakuwa na neno. Mfinyanzi ndiye aliyesema. Alisema kwamba shangazi alirudi. Alipoona malenge alilitupa, akashuka mlima akipiga yowe, akaingia majini mpaka shingoni, na wanaume watatu wakamtoa kwa kumburuta kwa nywele, naye anawauma mikono. Sehemu hiyo haikuwa kwenye wimbo. Nani angeicheza?

Mtoto akamgeukia babu yake. Alikuwa bado mdogo, aliamini babu anajua kila kitu.

Mzee alijisogeza kwenye ngozi ya kiti chake. Alisema ni kweli, yeye alimwona kutoka juu ya ghala. Baba yangu akauliza, kwa sauti ya chini sana, mbona basi hakusema miaka yote hiyo, wakati mtu anafukuzwa. Mzee alikuwa akitazama mguu wake.

"Ningesema nilichoona, mngeniuliza nilifuata nini ndani ya nyumba," alisema. "Mimi sikuingia kuchukua mtoto. Niliingia kuchukua malenge. Nilijua tutakaa na njaa. Nilishika furushi nikapanda nalo, na huko juu likalia."

Nakumbuka kuku mmoja alipita katikati yetu. Niliona mkono wa baba umekaza usukani wa baiskeli, nikaogopa. Miaka ya shangazi ilikuwa imekaa pale uani, na mzee yule alikuwa ameikalia kama ngozi ya kiti chake, kwa sababu ya aibu. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama kikohozi. Alikuwa shangazi. Alikuwa anajaribu kuizuia kwa kiganja, ikampita. Likalia, alisema, likalia, na machozi yalikuwa yanamtoka, na akashindwa kabisa kuendelea. Mzee naye mabega yakaanza kutikisika. Mtoto alimtazama huyu, akamtazama yule, halafu akaja akakaa kwenye mapaja ya mama yake, si kwa mapenzi bado, nadhani, ila kwa sababu ndipo kilipotoka kicheko kikubwa zaidi.

Hawakumpa shangazi mtoto siku hiyo. Mtoto ni wa ukoo wa baba, ndivyo ilivyokuwa. Lakini kila shule ilipofungwa alivuka daraja akaja kwetu, akalala na shangazi, akala ugali wetu wa wimbi na muhogo, akatushinda wote kwa kumenya. Mwanzoni alimwita mama wa Malaba, baadaye mama tu. Hadithi ilirefuka. Sasa ilikuwa na mto mpaka shingoni, na ilikuwa na mzee juu ya ghala anayeshangaa chakula chake kinalia, na yule mtoto, binamu yangu, alidai sehemu zote mbili, kila mara, bila kuruka. Baba hakumsamehe mzee. Alimsalimia sokoni, alimnunulia chai, lakini hakumsamehe, na aliniambia hivyo mwenyewe nilipokuwa mtu mzima.

Wote hao wamelala sasa. Bibi alitangulia, mzee akafuata, kisha baba, na shangazi alikuwa wa mwisho, mikono yake imekauka kama ile mihogo juu ya mawe. Binamu yangu yuko ng'ambo ya mto, ana wajukuu. Tukipigiana simu tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kiteso chetu kimechakaa, kila mmoja kwa upande wake.

Na hilo ndilo lililoniketisha pale kati ya malori mpaka chai ya madereva ikapoa. Shangazi alisimulia kwa Kiteso. Mimi nimeihifadhi hadithi yake kwa Kiswahili, nimewapa wanangu na wajukuu, wanacheka panapostahili. Lakini palikuwa na neno. Mto ulipofika mlangoni kwa mwanamke, ulisema neno, sauti fupi ya maji yanapogusa kizingiti, na shangazi aliitoa chini ya koo, kwa upole, mpaka tukavuta miguu yetu kutoka ukingoni mwa mkeka. Nimewauliza wazee wa Angurai, ambao bado wanakiongea, nimemuuliza binamu yangu. Wamenipa maneno matatu, manne. Nimeyajaribu kimoyomoyo yote, moja baada ya jingine. Si hilo. Maji yanafika mlangoni, yanafungua mdomo, na mimi sikumbuki yalisema nini.