Shika Hapa, Boss
Fundi wa kompyuta tunayepakana naye pale Bondeni ni mama mwenye vidole vyembamba na sauti ya kubembeleza, na hapendi mteja anayegusagusa vitu vyake. Wiki jana mhandisi Sitati alimletea kutoka Olkaria kompyuta ya zamani yenye ramani za visima vya mvuke alizochora ujanani, na hana nakala nyingine. Tundu lake la kebo ya skrini ni la ajabu, haliingiani na skrini yoyote ya siku hizi. Fundi akakaa kuunganisha nyaya za kebo mbili, uzi kwa uzi, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Sitati naye akawa anainama, anauliza, anachokora.

"Boss, shika hapa," fundi akamwambia, akimpa waya mweusi. "Ukiachilia, ramani zinapotea."

Sitati akaushika, akatulia tuli. Mimi niliyekuwa nyuma yao niliona ncha ya pili ya waya ule imeishia mfukoni mwa sweta ya fundi. Baada ya saa moja skrini ikawaka, kwanza kijani kitupu, halafu visima vikajitokeza kimoja kimoja. Machozi yakamlengalenga Sitati.

"Madam, naweza kujipangusa?"

"Jipanguse tu," akajibu bila kugeuka, akianza kunakili, "lakini kwa ule mkono mwingine."