Nyayo Alizozinyamazia Mzee Kasanda

Asali ya kwetu Bukene ilinukia moshi kwanza, utamu baadaye. Harufu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa na miaka tisa, mlafi wa kupindukia, na mchana mmoja niliiba kidumu cha asali kwenye stoo ya kanisa, sadaka ya mavuno. Nilijificha kwenye mahindi nikala mpaka nikatapika, kilichobaki nikakitupa chooni. Kisha nikarudi kwa bibi, mjane aliyekuwa akinilea peke yake, nikakaa uani kumenya karanga kama malaika.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamwita jirani yetu Mzee Kasanda. Alikuwa amepita miaka sabini, na hakuna aliyemfikia kwa kusoma nyayo. Aliwahi kufuata ng'ombe walioibwa mpaka Ziba akawarudisha wote. Siku ile alitembea ameinama kutoka kanisani, sungusungu wakimfuata kwa mbali, akaja kusimama mbele yangu. Akaitazama miguu yangu, kisha akamtazama bibi. Nyumba ya mwizi ilikuwa ikitengwa: haisalimiwi, haipewi moto, haisaidiwi hata msibani. Mzee akageuka.

"Macho yangu yamekwisha, wanangu. Nimezipoteza."

"Mzee wewe, ng'ombe uliwafuata mpaka Ziba, leo unashindwa na kidumu?" kiongozi wao akauliza.

Mzee akashika njia ya kwake. Wakaamua kwamba anamficha mwizi aliyekula naye, wakamtenga yeye. Masika yote alipalilia shamba lake peke yake. Nilipokutana naye njiani niliimeza shikamoo yangu nikatazama pembeni, maana tulikatazwa, na pia kwa sababu nilikuwa mwoga. Neno moja tu lingemwokoa, na nilikuwa nalo mimi.

Mwaka jana nilitoka Tabora mjini kwenda kumwona. Siku hizi maduka ya Bukene yana kamera na hakuna anayehitaji msoma nyayo. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia yote huku nalia. Alicheka kidogo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nilijua siku ileile. Wasiojua ni wale," akaelekeza kidevu kwa wazee waliokaa barazani ng'ambo ya barabara, ambao mpaka leo humwita rafiki wa wezi. "Umewaambia?"

Nilisema basi litaniacha. Nimekiri kwa mtu aliyekuwa anajua, na sasa nakiri kwenu msiomfahamu. Mzee Kasanda bado yu hai, na ile barabara mpaka leo sijaivuka.