Amana za Bi Mwanaidi

Siku yangu ya kwanza uwanja wa ndege, enzi za Mwingereza, nilitoka Temeke kwa miguu, nimepiga pasi hadi soksi. Nilitarajia kalamu, Msimamizi wa Mizigo akanikabidhi mizani.

"Vizito mbele, vyepesi nyuma," alisema. "Mkia ukielemewa, pua inainuka mno, mabawa yanakosa upepo wa kuyabeba, na ndege inaanguka."

Nilipima abiria na mizigo yao. Akina mama walininunia. Kupandishwa mizani hadharani waliona ni kuvunjiwa heshima.

Asubuhi moja jirani yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa anakwenda Lindi kumuuguza bintiye. Nimeshampima, nimeshaandika, ndipo majirani wakafika na amana zao za kupeleka: mchele, khanga, sufuria za shaba. Kwetu msafiri hakatai amana, lakini uzito wake ulikuwa umeshatimia.

"Nisitiri, mwanangu Athumani," akaninong'oneza. "Mie nitawaambia nini watu?"

Nikavisukuma vyote nyuma, karibu na mkia, bila kuvipima.

Ndege ilipaa, pua ikazidi kuinuka, kisha ikalalia bawa moja na kuangukia kwenye mikorosho ng'ambo ya uwanja. Bi Mwanaidi alivunjika mguu. Rubani, kijana mcheshi aliyekuwa akiniamkia "shikamoo" kwa utani, alikufa.

Mkuu wa Uwanja aliniita. "Kuna kilichoongezwa baada ya kupima?"

"Hapana, bwana." Niliogopa jela, sifichi.

Ripoti ikasema rubani aliinua pua kabla ya kupata mwendo wa kutosha. Hapo nikachanganyikiwa, na sijatulia hadi leo. Huenda kweli alikosea. Huenda ni ule mchele. Huenda ni vyote. Asubuhi najisamehe, ikifika adhuhuri nimeshajihukumu upya.

Nilistaafu nikiwa Msimamizi wa Mizigo. Vijana walinicheka, maana hata kifurushi cha halua nilikirudisha kwenye mizani. Sikuwaambia sababu.

Mwezi ule niliostaafu nilimtembelea Bi Mwanaidi, kazeeka, anachechemea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanisogezea kigoda. "Athumani, yule rubani tulimuua sie?"

Nilianza habari za mkia na mwendo, nikaziacha njiani. "Sijui, mama. Wallahi sijui."

Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Mie namuombea kila nikisali, na hata jina lake silijui. Wewe walijua?"

Nililijua. Miaka yote ile sikuwahi kulitamka. Nikamtajia.