Nililipa madeni yote ya mke wangu kwa cash, majirani wakaleta sufuria za matanga

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Haya ninayoandika yalitokea nyumbani kwangu hapa Eldoret, upande wa kuelekea Kapseret. Mhusika mwenyewe ameketi hapa kando yangu na namsomea kila aya kabla ya kuituma. Nikiongeza chumvi ananikatiza, kwa hivyo msiwe na shaka.

Nimesoma humu mkibishana juu ya kuishi kwa cash na kuishi kwa mkopo. Vijana wengi mmeumizwa na mikopo ya simu, na nawahurumia kwa dhati. Wengine mmeapa hamtakopa tena hata kiberiti. Mimi ni mtu wa cash tangu ujana na bado niko hapo. Lakini kuna jambo nilifundishwa uzeeni, na ningependa mlisikie.

Kwanza mnijue kidogo. Nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha nguo mpaka nikastaafu. Kanisani nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Tulitoka upande wa ziwa tukaja hapa wageni, na Mungu akatupa kiploti, watoto na majirani.

Nyumba yetu niliijenga kwa cash. Nikipata pesa ya mawe, tunaweka mawe. Nikikosa, tunangoja. Watoto walihamia chumba baada ya chumba, kila kimoja kilipopata mlango. Sijawahi kukopa benki wala dukani, na ninashukuru.

Mke wangu, Mama Bea, hakufuata njia hiyo hata siku moja.

Yeye ni fundi wa kushona. Pesa ya nyumba nilikuwa nampa mkononi, yote, mwanzo wa mwezi. Hata hivyo maziwa ya Mama Chebet yatalipwa mwisho wa mwezi. Mboga ya sukuma ya Mama Shiku italipwa Jumamosi. Jumamosi ikifika, analipa nusu halafu anaondoka na viazi. Na wao pia walikuwa na madeni kwake. Mama Shiku alikuwa hajamaliza kulipia sare ya mtoto, na Mama Chebet alikuwa na rinda la harusi ambalo harusi yenyewe ilishasahaulika.

Nilikuwa namuuliza, "Mama Bea, si pesa iko kwa kabati? Nyanya unakopa ya nini?"

"Baba Bea, wewe chunga stoo yako. Nyanya ni mambo yangu."

Ndoa nayo ina sehemu zake za kunyamaza.

Basi, msimu wa baridi uliopita, Mama Bea aliamka upande wa kushoto umelegea. Mdomo umekwenda kando, mkono haushiki kikombe. Tukamkimbiza hospitali. Dokta akasema ni stroke, lakini tumewahi. Watoto walichanga, bima ikalipa sehemu yake, na kanisa likaomba bila kuchoka. Sitamaliza kushukuru.

Siku moja dokta akaniita kando. "Mzee, dawa atapata. Lakini asiwe na mawazo. Mambo ya nyumbani yasimsumbue."

Nikaketi kwenye benchi nje ya wodi nikatafakari. Ni kitu gani kinaweza kumsumbua mke wangu? Watoto wako sawa. Kuku wako sawa. Nikajiambia: ni madeni! Amelala pale akiwaza madeni ya mboga.

Nikaona Mungu amenipa kazi ya kufanya. Nikaenda kutoa akiba, nikaanza kuzunguka mtaani.

Nilianza na Mama Shiku. Ana kibanda cha mboga pale tunapopinda kutoka barabara ya lami. Ni mtu wa asili ya Nyeri, mdomo wake haupumziki, na alikuwa anakatakata sukuma.

"Mama Shiku, nimekuja kumaliza deni la Mama Bea."

Kisu kikasimama. "Deni gani, Mzee?"

"Lote. Sitaki kubaki hata shilingi."

"Lote?"

"Lote kabisa."

Akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akapangusa na leso, akapokea pesa kwa mikono miwili. Huyu ni mtu ambaye hupokea pesa akiendelea kupigia kelele mtu wa boda boda. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, Mzee. Pole sana."

Nikamjibu, "Mungu ni mwema."

Nikaenda kwa Mama Chebet wa maziwa. Yeye alikataa.

"Hapana, Mzee. Hiyo sitachukua. Mama Bea angenilipa mwenyewe."

"Chukua tu, Mama Chebet. Nataka mambo yake yote yawe safi."

Akaanza kulia. Alichukua ile pesa akilia. Na mimi, wakuu, nikaondoka nikiwa na furaha moyoni, nikisema, tazama jinsi watu wanavyompenda mke wangu.

Nikamaliza kwa mwenye posho mill anayetusagia unga na kwa duka la vitambaa. Jioni nikapiga magoti nikashukuru kwamba nyumba yangu haina deni popote.

Sasa, kwa wale mnaosoma kutoka mbali, niwaeleze desturi yetu huku. Kwenye mazishi, kabla ya mwili kuteremshwa, mtu husimama mbele ya waombolezaji na kutangaza kwamba ikiwa marehemu alikuwa na deni la mtu, huyo mtu aione familia. Familia hulipa, ili aliyetangulia aende mikono ikiwa safi. Kwetu hapa, mtu anayesimama kutangaza hivyo ni mzee wa kanisa.

Yaani mimi. Nimetangaza hayo kwenye makaburi mengi kuliko ninavyokumbuka. Na bado sikuona nilichokuwa nikifanya.

Kesho yake Mama Bea akaruhusiwa kutoka. Tulikodi teksi, yeye nyuma amejifunika blanketi, mimi mbele na dawa. Tulipofika nyumbani geti lilikuwa wazi.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, vimepangwa. Sufuria mbili kubwa juu ya moto. Vijana walikuwa wanainua hema. Akina mama wameketi chini wanaimba wimbo wa taratibu, na Mama Shiku mwenyewe ameshika mwiko.

Mke wangu akachungulia dirishani. "Baba Bea, nani amekufa?"

Nikamjibu kwa ukweli wangu wote, "Sijui. Labda ni kwa jirani."

"Kwa jirani na sufuria iko kwetu?"

Nikafungua mlango wa nyuma, nikamsaidia kutoa mguu mmoja. Wimbo ukakatika. Mama Shiku akageuka.

"Ngai! Mama Bea!"

Mwiko ukaanguka. Mwenye posho mill akarudi nyuma akakalia ndoo ya maji. Mama Chebet alikuja mbio akamshika mke wangu mashavu yote mawili, kama mtu anayekagua kama ni yeye.

"Nani aliwaambia nimekufa?" Mama Bea akauliza. Maneno yalikuwa bado yanamtoka mazito.

Wote wakaninyooshea kidole mimi.

"Ni Mzee! Alikuja kulipa!"

"Alilipa mpaka nyanya!"

"Mzee wewe, mtu akiwa mzima analipiwa deni yote siku moja? Ulituona aje?"

Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi. Chakula kikaliwa. Nikaomba maombi ya shukrani mbele ya hema la matanga, na mwenye teksi naye akala sahani mbili.

Ningeishia hapo mngecheka tu, na ingetosha. Lakini kuna sehemu ya pili, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Watu walipoondoka, Mama Bea akaniuliza, "Umelipa wote?"

"Wote."

"Hata Mama Chebet?"

"Hata yeye."

Akageukia ukuta.

Dokta alikuwa ameagiza atembee kila siku, la sivyo mguu utakauka. Alikataa. Fimbo ilinunuliwa, ikasimama kwenye kona. Bea, binti yetu, ambaye anafanya kazi Nairobi, kwa upendo wake akapanga supamaketi iwe inaleta kila kitu nyumbani, analipa yeye kwa kadi. Friji ikajaa. Mtu wa boda boda anashusha, anaondoka.

Mama Chebet akaendelea kuleta maziwa, lakini sasa mimi nilimlipa pale getini, cash, kila asubuhi. Zamani alikuwa anaingia. Anaketi, wanakumbushana deni, wanabishana, wanaulizana habari za watoto, chai inaiva. Sasa alikuwa anapokea pesa yake na kusema asante. Ataingia kufanya nini?

Nyumba ikawa kimya. Mke wangu akawa anapungua mbele ya macho yangu, chakula kikiwepo, dawa zikiwepo.

Asubuhi moja nilikuwa namsugua mguu na mafuta. Akasema, bila hasira kabisa:

"Baba Bea, kule hospitali nilikuwa naona kama naenda. Nikawa nasema, ngoja, Mama Shiku bado sijamlipa. Mama Chebet bado. Nitaendaje niwaache hivyo? Ndiyo hiyo ilinishika." Akatazama ile fimbo kwenye kona. "Sasa hakuna mtu ananingoja."

Nilimaliza kusugua mguu, nikatoka nje, nikaomba nikiwa nimesimama kati ya kuku.

Halafu nikaenda kwa Mama Shiku.

"Naomba sukuma na vitunguu," nikamwambia. "Lakini sina pesa."

Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Mzee? Wewe?" Kisha akapaza sauti, maana ndivyo alivyoumbwa. "Kujeni muone! Leo Mzee wa cash anakopa!"

"Si mimi. Ni ya Mama Bea. Atakuja kulipa mwenyewe."

Mdomo ukatulia. Akanielewa. Akafunga sukuma fungu kubwa, akaongeza hoho ambayo sikuitisha.

"Mwambie mimi sipokei pesa ya kutumwa," akasema. "Wala ya simu. Alete na mkono wake."

Nilipomfikishia ujumbe, Mama Bea alinung'unika, "Huyu mwanamke ana kiburi." Lakini nilimwona anaangalia ile hoho.

Kuanzia hapo Mama Shiku hakupita kwetu kimya. Akienda sokoni anasimama nje ya ua. "Mama Bea! Deni yangu! Ama nirudishe sufuria kwa moto?"

Siku ya kwanza mke wangu hakujibu. Siku nyingine akajibu kutoka kitandani, "Utalipwa! Wacha kelele!" Na baadaye, asubuhi moja ya jua zuri, akaniambia nimletee fimbo.

Haikuwa siku moja, wakuu. Kwanza mpaka mlangoni. Kisha mpaka getini. Kisha mpaka kwenye mti wa parachichi wa jirani. Mimi nilikuwa natembea nyuma yake nimebeba kiti cha plastiki, ili akichoka aketi hapo hapo njiani. Watoto wa mtaa walitufuata wakicheka, nasi tukawaacha wacheke.

Siku aliyofika kibandani, Mama Shiku hakumkimbilia. Alikunja mikono akamngoja. Mke wangu akafungua fundo la leso kwa ule mkono wa kushoto, polepole, sarafu moja moja, na hakuna aliyemsaidia. Akalipa. Akapumua. Kisha akanyoosha kidole kwenye viazi.

"Hivi nitalipa Jumamosi."

"Jumamosi gani?" Mama Shiku akauliza. "Wewe Jumamosi zako nazijua."

Nilikuwa na pesa mfukoni ya kulipia kibanda kizima. Niliiacha mfukoni.

Wakuu, sisemi mkope. Mkopo wa simu haukujui. Ukiugua, utakutumia message, hautakuja kukupikia. Lipeni mnachodaiwa, jengeni kwa mlicho nacho, na mtalala vizuri. Mimi nitaendelea kuishi kwa cash mpaka Bwana aniite.

Lakini nyinyi mlio na wazazi nyumbani, kabla hamjawalipia kila kitu na kuwaletea kila kitu mlangoni, waulizeni kwanza ni nani huwa wanamtembelea wakienda kununua. Na mkimkuta mama yenu ana kideni cha nyanya, msikimbilie kukilipa kama nilivyofanya.

Nawakaribisha mseme yenu, hata wa kunipinga. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiuliza mnivumilie, nitajibu kila mtu.