Fonti Elfu Tano na Jina Moja

Haya sikuyasikia kwa watu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshiba na sina homa. Ukiona nakudanganya, panda gari mpaka Tororo, uliza njia ya Petta, ukifika utafute nyumba ya Mama Athieno. Umwulize nilifika kwake siku gani na nilikuwa nimeshika nini mkononi. Yule mama hana sababu ya kunitetea.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nina duka la kuchapisha hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Natengeneza kadi za arusi, mabango, lebo, programu za mazishi na zile stika za majina zinazobandikwa kwenye misalaba. Mdomo wangu ni mkali, kila mtu hapa anajua, na wanaokuja kunisimulia habari za mizimu huwa nawauliza kama wana kazi ya kuchapisha au hawana. Sasa leo msimuliaji ni mimi. Utanicheka ukipenda.

Kabla ya kompyuta nilijifunza kuandika kwa brashi. Aliyenifundisha ni Mzee Oketcho, mchoraji wa mabango aliyejulikana Tororo nzima. Maduka, kliniki, milango ya malori, yote yalipita mkononi mwake. Alinichukua mimi, msichana wa Dabani, wakati mafundi wengine walisema mwanamke hapandi ngazi. Miaka minne nilikula kwake. Na alikuwa na desturi moja: kule kwao Petta, mtu akifa, Mzee aliandika jina lake kwenye msalaba bure. Rangi yake, brashi yake. Alikuwa anasema mtu aliyefiwa haombwi kitu. Sijui aliandika misalaba mingapi, kwa sababu hakuwahi kuhesabu.

Halafu nikanunua kompyuta na nikaondoka. Hakunikasirikia, bango la duka langu aliliandika yeye. Lakini siku moja alikuja na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika herufi zake zote, kubwa na ndogo, na tarakimu, taratibu kabisa, kila herufi ukurasa wake. Akaniuliza kama zinaweza kuingia kwenye kompyuta ziwe fonti, yaani mwandiko ambao mtu yeyote anaweza kuuchapa. Macho yake yalikuwa yanaanza kufifia. Alitaka herufi zibaki.

Nikamwambia wiki ijayo. Akaja wiki ijayo, nikamwambia wiki ijayo. Mara ya tatu nilijifanya niko kwenye simu. Alikaa, akangoja, akainuka na daftari lake. Akasema, "Mwanangu, ukipata nafasi utakuja kuchukua nyumbani." Ilikuwa kazi ya siku mbili tu, niamini, labda tatu. Miaka sita ikapita sikwenda, na kadiri miaka ilivyopita aibu ikazidi, na aibu ikizidi mtu hukwepa hata barabara ya kwenda kule.

Sasa sikia kilichotokea.

Kikundi cha akina mama wa Dabani wanaosaga karanga walinirudishia lebo zao. Kwenye kopo dogo maandishi yalikuwa yameziba, herufi zimejaa wino, mtu hawezi kusoma. Walikuwa wapole, lakini nilijua kosa ni langu. Nilikuwa natumia fonti za bure, elfu tano kwenye flashi moja, nilizonakili kwa kijana wa upande wa Kenya. Elfu tano, na nikikuambia nzuri hazifiki kumi utakataa. Moja haina tarakimu. Nyingine ukiifanya nene inapasuka. Nyingine imeibwa mahali, hujui mwenyewe ni nani. Nikaamua nitafute mkusanyo wa kweli, wa kulipia, nifanye kazi kama mtu mzima. Nikapata mmoja wenye fonti arobaini tu, ukiruhusu mtu azijaribu kabla ya kununua.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka huwezi kusikia redio ya jirani, na umeme umekatika. Laptopu yangu betri yake imezeeka, ikikaa sana ni dakika arobaini. Nikasema nitaangalia haraka.

Nikainua macho, Mzee Oketcho amekaa kwenye kiti cha plastiki.

Amevaa koti lake la kaki lenye rangi kwenye mikono. Na koti lilikuwa kavu. Nililiona hilo, si kwamba sikuliona. Nikajiambia labda alikuwa amejikinga hapo kibarazani muda mrefu. Wewe ungefikiri nini? Mtu unayemjua amekaa kwenye kiti chako, utaanza kumpapasa kama yuko hai?

Nikapiga magoti, nikamwamkia. Nilichokuwa nafikiria ni lile daftari tu. Nikangoja aniulize, lakini hakuuliza. Alisogeza kiti karibu na kioo cha laptopu, akasema, "Onyesha mimi hiyo unatafuta."

Nikamwonyesha zile elfu tano kwanza, ili acheke. Hakucheka. Aliziangalia moja moja, kwa subira, na kwa kila moja alikuwa na neno. Hii ina haraka. Hii mwenye kuichora alichoka alipofika kwenye S. Hii nzuri ukiwa karibu, lakini simama ng'ambo ya barabara uone kama utasoma. Akaniambia nisitazame herufi, nitazame nafasi kati ya herufi, kwa sababu hapo ndipo fundi mvivu anapojificha. Akaniambia kabla sijachukua mkusanyo wowote niandike ndani yake tarakimu zote, kisha majina ya watu wa hapa. Majina yetu yana O nyingi na W nyingi, na herufi ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu huchoka haraka. Kisha niichape ndogo kwenye karatasi mbaya, kwa wino mbaya. "Kwa karatasi nzuri kila kitu iko sawa," akasema.

Miaka minne alinifundisha hivyo hivyo, na nilikuwa nimesahau. Nikajisikia msichana tena. Nikamwuliza anatafuta nini yeye mwenyewe, maana nilimwona anatafuta.

"Natafuta ya jina moja," akasema. "Ya kuweka kwa mbao."

Nikaenda nyuma kuchemsha chai kwenye gesi. Nikarudi nikamwekea kikombe. Hakukigusa, na mimi nikaona ni uzee tu. Tukaingia kwenye ule mkusanyo wa fonti arobaini. Huo aliupenda. Alinichagulia saba, akasema hizo zinatosha maisha yangu yote, na akina mama wa karanga niwape ile ya tatu, ina tumbo wazi, nafasi ndani ya herufi ni kubwa, haitaziba. Ndiyo ninayowapa mpaka leo. Lakini kila tulipofika mwisho alitikisa kichwa. "Kwa kazi yako, nzuri. Kwa ile natafuta, bado."

Nikasema kwa utani kwamba basi itabidi iandikwe kwa mkono. Akanigeukia, akanitazama. Macho yake hayakuwa yamefifia hata kidogo.

"Jumapili uko?"

"Niko, Mzee."

"Basi kuja Petta. Kuja na brashi."

Nikamwambia brashi sijaishika miaka sita, mkono wangu umekufa. Akasema haujafa. Nikaahidi. Safari hii sikusema wiki ijayo, angalau hilo nilifanya. Lakini msamaha sikumwomba. Nilikuwa naye alasiri nzima, goti kwa goti, na neno lilikuwa mdomoni, nikaona nitalisema Jumapili, nikiwa nimebeba sukari na sabuni kama inavyostahili. Nikainama kuchomeka chaja maana umeme ulikuwa umerudi. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu. Mvua ilikuwa imekwisha na saa ilikuwa kumi na moja jioni.

Saa tatu nzima, kwa betri ya dakika arobaini. Nalo hilo nililiona baadaye.

Nikarudi kwenye laptopu. Kwenye dirisha la kujaribia fonti kuna mstari mtu anaandika maneno yoyote, halafu yanaonekana kwa kila fonti. Mimi nilikuwa nimeandika jina la duka langu. Sasa mstari ulikuwa na maneno mawili: Zefania Oketcho. Nikateremsha chini, chini, fonti zote arobaini. Nikafungua zile elfu tano, nazo vilevile. Nikacheka, unasikia? Nikasema mzee huyu, nimeinama kuchomeka chaja kumbe anajiandika. Nilicheka peke yangu dukani.

Jumapili nikafika Petta na sukari, sabuni, brashi mbili na kopo la rangi nyeusi. Mama Athieno, mke wa Mzee, alikuwa anaanika mihogo. Akaniona, akaacha mihogo, akakaa chini. Nikamwamkia, nikamwambia Mzee aliniita.

 Akauliza, "Alikuita lini?"

Nikasema Alhamisi.

 Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kulikuwa na kaburi, udongo bado mwekundu, na msalaba wa mbao. Kwenye msalaba kulikuwa na stika iliyobanduka nusu kwa mvua. Stika ilikuwa yangu. Niliijua kabla sijaisoma, kwa zile tarakimu zilizovunjika, kwa fonti ya kwanza kabisa kwenye ile flashi, ambayo huwa naibofya nikiwa na haraka. Zefania Oketcho. Alikuwa amezikwa majuma mawili kabla ya ile Alhamisi.

Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo ninapoumia. Ile stika niliichapa mimi. Mjukuu wake alituma ujumbe kwenye simu ya duka: jina, miaka, naomba stika ya msalaba. Siku hiyo nilikuwa na arusi tatu. Nikanakili ujumbe, nikabandika, nikabofya, nikachapa, nikamkabidhi bodaboda. Ndivyo tunavyofanya kazi sote, usione mimi peke yangu. Jina la mtu huingia upande huu na kutoka upande ule bila kusomwa. Jina la mwalimu wangu lilipita mbele ya macho yangu na sikulisoma.

"Tulituma kwako makusudi," Mama Athieno akasema. "Mjukuu alitaka kwenda pale Tororo, karibu. Mimi nikakataa. Nikasema tuma kwa yule msichana, akiona jina atakuja. Stika ikakuja. Wewe hapana."

Nikaanguka pale pale. Nililia mpaka majirani wakaja wakidhani ni msiba mwingine. Yule mama hakunifokea. Ningefurahi angenifokea.

Nilipoweza kusema nikamwuliza lile daftari. Nikamwambia nitaziingiza herufi zote, usiku huu huu, nitakesha. Akatikisa kichwa.

"Mzee aliweka kwa kabati yake, hakuna mtu kugusa. Alisema hii inangoja mwanangu. Siku ya kuzika tukangoja wewe mpaka saa kumi. Padri akachoka. Tukaweka daftari kwa kifua yake, tukafunga."

Basi. Herufi zake zote ziko chini ya ule udongo.

Nikabandua stika. Nikakwangua gundi kwa kucha. Halafu nikaandika jina lake kwa brashi, nikijaribu kukumbuka O yake ilivyosimama, na K alivyoikunjua mguu.  Watu wa Petta walisimama nyuma yangu, karibu wote wana ndugu aliyeandikiwa msalaba na yeye. Nilipomaliza mzee mmoja alisogea, akatazama, akasema, "Umejaribu." Nilijua maana yake. Herufi zake sikuzipata.

Tangu siku hiyo, nikifungua mkusanyo wowote mpya wa fonti, kabla sijaandika kitu, mstari wa kujaribia unatokea ukiwa na jina lake. Nimebadilisha laptopu, jina likaja. Nimemwomba padri wa hapa, akaomba, jina likaja. Sasa nimeliacha. Nalitazama, kisha nachagua. Na siku za mapumziko nazunguka Tororo na kamera ya simu nikitafuta kuta alizoandika. Zimepakwa rangi za kampuni za simu karibu zote. Nimepata A, nimepata M, nimepata nusu ya R nyuma ya banda la kinyozi. Sidhani nitazimaliza.

Sikukuambia haya ili uogope mvua au viti vitupu. Mzee hakunitisha hata kidogo, alikuja kunifundisha mara ya mwisho na mimi nikamchemshia chai. Lakini kama na wewe una mtu wa namna hiyo, mwenye kitu mkononi, aliyekuomba siku mbili tu za maisha yako na ukamwambia wiki ijayo, funga duka uende kwake leo, mikono mitupu hivyo hivyo. Siku utakayomwona amekuja yeye kwako, utakuwa umechelewa.