Miti Iliyotufukuza Shambani

Koti la kwanza kuonekana kwetu lilinunuliwa Nakuru, kwa Mhindi mmoja karibu na stesheni, na baba alilivaa hata jua likiwaka. Lilikuwa refu, mifuko imetoboka. Mama alisema limevuliwa maiti.

"Maiti hasikii baridi," baba akajibu. "Mimi nasikia."

Sijui kwa nini naanza na koti. Labda ni ile baridi ya msituni, juu ya Subukia, ambako tulihamia miaka ya hamsini, mimi nikiwa nimeshaoa.

Kule serikali ilikupa kipande cha msitu uliokatwa. Unalima mahindi na viazi, lakini katikati ya mistari unapanda saiprasi zao, miti ya mbao, na kuzipalilia. Zikishakua, kivuli kikifunika shamba, unahama ukang'oe visiki kwingine. Baba alikuwa ameng'oa visiki mara mbili. Mgongo ulikuwa umekwisha. Kuinuka tu alishika goti kwanza.

Shamba hili la tatu akasema hatoki. Alifikiri akiilea miti kuliko watu wote, Bwana Misitu, mzungu aliyesimamia msitu, atamwachia. Basi miche ikala samadi yote ya mbuzi, ile aliyoitaka mke wangu ya viazi. Kulikuwa na maneno nyumbani, sitadanganya.

Jirani yetu, yeye jembe lake liliteleza kila siku likakata mizizi ya miche. Miche ikikauka, anaambiwa apande tena, na mahindi yake yanapata msimu mwingine.

"Mzee, hiyo miti unainyonyesha ya nini?" alimcheka baba. "Itakufukuza!"

"Wewe lima kwako."

"Nitalima. Wewe utalima wapi?"

Siku moja Bwana Misitu akaja, yule mzungu, na askari wake. Akashika mti wetu mmoja, umeshampita kimo. Akafurahi kweli.

"Muzuri sana, mzee. Hii miti mukubwa sasa. Mwezi ya kesho, hama."

Baba akaelekeza kidole kwa jirani. "Na huyu?"

"Huyu bado. Miti yake kidogo."

Jirani hakucheka. Aliinama akajifanya anapalilia.

Baba aliegemeza jembe kwenye ule mti, akavaa koti lake juani, akashika njia ya kuteremka Subukia. Mama akamwita, chakula kiko tayari. Mimi nilidhani anaenda kutafuta tumbaku.

Hakurudi.